Mada ya Marudio: Uga wa Umeme Chini ya Nyaya za Msongo Mkubwa na Jinsi Unavyopimwa

Ukitoka Mlandege kuelekea nje ya mji wa Iringa, haichukui muda kabla hujaiona minara ya chuma imejipanga juu ya vilima. Sisi wa nyanda hizi tumezungukwa na umeme. Mtera inazalisha megawati 80, Kihansi 180, Kidatu 204. Njia ya kilovolti 220 inayotoka Kidatu inaingia Iringa, inapita Mufindi na kufika Mbeya. Na pale kituo cha kupoza umeme cha Tagamenda ndipo inapoanzia njia ya kilomita 670, iliyojengwa kwa msongo wa kilovolti 400, inayopita Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Wengi wenu mnalima, mnachunga au mnapita chini ya nyaya hizo kila siku mkienda shule.

Mada hii nimeiweka kitabuni kwa sababu inakulazimisha kuunganisha vitu vitatu ambavyo watahiniwa huvisoma kama havijuani: umeme tuli wa kidato cha pili, umeme wa mkondo wa kidato cha tatu, na usumakuumeme wa kidato cha nne. Lakini ipo sababu nyingine. Karibu kila mwaka mwanafunzi mmoja hunifuata baada ya kipindi. "Shikamoo mwalimu. Shamba letu limepitiwa na laini kubwa. Mama anasema tuache kulima pale, umeme unashuka na kutuingia mwilini. Ni kweli?" Swali hilo halijibiwi kwa kusema "msiogope" wala kwa kusema "hameni". Linajibiwa kwa namba. Ukimaliza kurasa hizi utaweza kumjibu mama yako mwenyewe.

Mtihani utaujibu kwa Kiingereza, najua. Elewa kwanza hapa, kisha fungua daftari lako uweke kila neno kwa jina lake la mtihani.

Kwa nini msongo uwe mkubwa

Hapa tupite haraka, kwa sababu swali hili hutoka mara nyingi na wengi mnalijua. Nguvu P = VI. Nguvu inayopotea kama joto kwenye waya ni I²R. Chukua megawati 80 za Mtera, na kwa hesabu nyepesi ya waya mbili (mfumo wa kweli una fezi tatu) zisafirishe kwa kilovolti 33:

I = 80,000,000 ÷ 33,000 = ampea 2,424

Zisafirishe kwa kilovolti 220:

I = 80,000,000 ÷ 220,000 = ampea 364

Mkondo umepungua mara 6.67. Upotevu umepungua kwa mraba wa hiyo, yaani mara 44 hivi, kwenye waya uleule. Ndiyo kazi ya transfoma ya kupandisha pale kwenye mtambo na ya kushusha pale Tagamenda. Mtahiniwa anayeandika "msongo mkubwa hupunguza ukinzani wa waya" anapoteza alama. Ukinzani haujaguswa, kilichopungua ni mkondo.

Sasa angalia bei ya faida hiyo. Tumepunguza mkondo, tumeongeza volti. Na volti kubwa maana yake ni uga mkubwa wa umeme kuzunguka waya.

Uga wa umeme na uga wa sumaku: usivichanganye

Hapa ndipo alama nyingi zinapoliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Uga wa umeme ni eneo ambamo chaji inasikia nguvu. Ukubwa wake E ni nguvu kwa kila chaji moja, F/Q, kipimo chake niutoni kwa kulombi, ambacho ni sawasawa na volti kwa mita. Unatokana na chaji iliyopo juu ya waya, na chaji hiyo ipo kwa sababu waya una volti. Uga wa sumaku unatokana na chaji inayotembea, yaani mkondo, na kipimo chake ni tesla.

Fikiria redio nyumbani. Umeichomeka, soketi imewashwa, lakini redio yenyewe umeizima. Waya una volti lakini hauna mkondo. Uga wa umeme upo, uga wa sumaku haupo. Ukiiwasha, uga wa sumaku unaongezeka juu ya ule wa umeme. Njia ya kilovolti 220 iko hivyohivyo. Usiku wa manane viwanda vikiwa vimefungwa, mkondo hushuka sana na uga wa sumaku hushuka nao, lakini uga wa umeme hubaki karibu vilevile kwa sababu volti ni ileile. Mtu akikuambia "usiku hakuna mzigo kwa hiyo uga wa umeme chini ya laini umekwisha", umeshajua kosa lake liko wapi.

Tofauti nyingine inayopendwa na watungaji: uga wa umeme huzuiwa kirahisi. Paa la bati lililounganishwa na ardhi, mti mbichi, ukuta, hata mwili wako, vyote huupunguza, kwa sababu chaji ndani ya kipitishi hujipanga upya hadi uga wa ndani unakaribia sifuri. Uga wa sumaku hupita kwenye bati, mti na ukuta kama vile havipo.

E = V/d, na mahali isipofaa

Njia ya kilovolti 220. Kwanza fahamu kwamba 220 ni volti kati ya waya wa fezi moja na wa fezi nyingine. Kati ya waya mmoja na ardhi ni 220 ÷ √3, yaani kilovolti 127. Waya wako mita 10 juu ya shamba. Uga kwenye ardhi ni kiasi gani?

Mtahiniwa mwenye haraka anaandika 127,000 ÷ 10 = volti 12,700 kwa mita, anapiga mstari chini na kuendelea. Fomula ni sahihi, mahali ndipo si sahihi. E = V/d ni ya mabamba mawili sambamba, ambako mistari ya uga imenyooka na nafasi kati yake ni sawa kote. Waya mwembamba juu ya ardhi haufanani na bamba. Mistari ya uga inatoka kwenye waya imebanana kama spoku kwenye kitovu cha gurudumu la baiskeli, kisha inatawanyika ikishuka. Palipobanana uga ni mkubwa, palipotawanyika ni mdogo. Sehemu kubwa ya zile volti 127,000 "inatumika" karibu na waya, na kinachobaki cha kugawana huku chini ni kidogo.

Kwa waya mmoja peke yake wenye nusu kipenyo cha milimita 16 katika urefu huo, hesabu ya kidato cha sita inatoa kama volti 3,600 kwa mita kwenye ardhi. Si 12,700. Na kwenye ngozi ya waya wenyewe uga unazidi volti 1,000,000 kwa mita. Hewa kavu huvunjika na kuanza kupitisha umeme karibu na volti 3,000,000 kwa mita, kwa hiyo tuko chini ya kikomo, lakini si mbali. Asubuhi ya manyunyu na ukungu, kama tunavyoijua Iringa mwezi wa sita, matone ya maji yananing'inia kwenye waya na kila tone ni ncha. Kidato cha pili ulijifunza kwamba chaji hurundikana kwenye ncha. Hewa pale kwenye ncha inavunjika kidogokidogo, na ndiyo ule mlio wa "zzzz" unaousikia ukipita chini. Mlio huo hutoka kule juu kwenye waya, na hauna maana kwamba umeme unakushukia. Kwa sababu hiyohiyo, njia za kilovolti 400 hutundikwa waya zaidi ya mmoja kwa kila fezi. Waya kadhaa zikiwa pamoja hufanya kazi kama waya mmoja mnene, na uga kwenye ngozi yake hupungua.

Kuna jambo la pili linaloshusha uga huku chini. Nyaya ni tatu, na fezi zake hazipandi na kushuka pamoja. Mmoja ukiwa kwenye kilele cha chanya, wenzake wawili wako upande wa hasi. Wanafutana. Hawafutani kabisa, kwa sababu hawako umbali sawa kutoka ulipo wewe, lakini kufutana huko ni kwingi. Kariri hili, litatokea tena kwenye grafu.

Unapimaje kitu usichokiona

Uga wa umeme haupimwi moja kwa moja. Tunapima kile unachokifanya kwa kipitishi. Ukumbuke ule mchezo wa elektroskopu: fimbo yenye chaji ikisogezwa, chaji kwenye kofia ya elektroskopu zinasogea bila kuguswa. Waya wa laini ndiyo fimbo yako, ila fimbo hii inabadili chaji kutoka chanya kwenda hasi na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwa hiyo kipitishi chochote kilichopo chini yake kinavutiwa chaji, kinanyang'anywa, kinavutiwa tena. Chaji inayokwenda na kurudi ni mkondo geu. Mkondo huo mdogo ndio tunaoupima.

Mita za wataalamu ni za aina mbili hasa. Ya kwanza ni kisanduku cha chuma kilichogawanywa nusu mbili zilizotenganishwa kwa kihami. Uga husukuma chaji kutoka nusu moja kwenda nyingine na mita ndani ya kisanduku husoma. Kisanduku hushikwa kwa fimbo ndefu ya kihami, mita 1 juu ya ardhi, na msomaji husimama angalau mita 2.5 kutoka hapo. Ya pili ni bamba bapa linalolazwa chini, likiunganishwa na ardhi kupitia mita.

Kwa nini msomaji akae mbali? Nitakuambia kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha niliazima multimita, nikaunganisha kibati kidogo, nikawapeleka wanafunzi karibu na laini. Nikasimama nimeshika kibati mkononi juu ya kichwa kama askari wa barabarani. Namba zikaruka kila niliposogeza mguu. Aliponisogelea mwanafunzi kusoma, zikashuka nusu. Darasa lilicheka, na mimi nilichelewa kuelewa: nilikuwa napima mwili wangu. Mtu ni kipitishi. Mistari ya uga inapinda na kukimbilia kichwa chake kwa sababu ndicho kilichoinuka, na pembeni yake inapungua. Ukisimama karibu na kifaa umeshaubadilisha uga uliokuja kuupima. Swali la "taja tahadhari moja na sababu yake" limeshajibiwa hapo.

Jaribio la bamba

Hili lifanywe na mwalimu, kwa ruhusa, mahali pa wazi, na kila kitu kikiwa kimelala chini. Hakuna kinachoinuliwa. Chukua bamba la alumini la mraba, nusu mita kwa nusu mita, eneo A = m² 0.25. Liweke juu ya vipande vya plastiki vikavu, sentimita 5 kutoka ardhini. Piga msumari wa chuma ardhini penye unyevu. Unganisha bamba na msumari kupitia kikinza cha kiloomu 100. Weka multimita ya dijitali, upande wa volti za mkondo geu, sambamba na kikinza. Vuta nyaya za multimita ndefu ili usome ukiwa umechuchumaa mbali.

Chaji inayovutwa kwenye bamba ni Q = ε₀EA, ambapo ε₀ ni 8.85 × 10⁻¹². Kwa kuwa E inabadilika kwa marudio f, mkondo unaopita kwenye kikinza ni

I = 2πf ε₀ E A

Hiyo 2πf utaithibitisha kidato cha tano. Kwa sasa itumie. Maana yake inaeleweka bila hesabu: chaji ikibadilishwa mara nyingi zaidi kwa sekunde, mkondo ni mkubwa zaidi. Weka namba: 2π × 50 = 314, na 314 × 8.85 × 10⁻¹² × 0.25 = 6.95 × 10⁻¹⁰. Zidisha kwa kikinza, ohamu 100,000, upate volti V zinazosomeka:

V = 6.95 × 10⁻⁵ × E

Geuza: E = V ÷ (6.95 × 10⁻⁵), yaani kila volti moja kwenye mita ni sawa na volti 14,400 hivi kwa mita kwenye uga.

Je, mkondo hauwezi kukwepa kikinza na kupita kwenye pengo la sentimita 5 chini ya bamba? Mwanafunzi mmoja aliniuliza, na ni swali zuri kuliko mengi ya mtihani. Bamba na ardhi ni kapasita ya pikofaradi 44 hivi, na kwa hezi 50 kapasita hiyo inapinga mkondo kama kikinza cha megaomu 72. Kikinza chetu ni megaomu 0.1. Karibu mkondo wote unapita kwetu. Nyasi ndefu na plastiki iliyolowa, hapo ndipo penye udanganyifu. Siku ya mvua usipime.

Mahali pa kupimia pia pana sheria yake. Pima katikati ya minara miwili, siyo karibu na mnara. Nyaya huning'inia, na katikati ndipo zinapokuwa chini zaidi, kwa hiyo uga ni mkubwa zaidi. Mnara wenyewe ni chuma kilichounganishwa na ardhi, nao unafunika eneo la karibu yake. Na mchana wa jua kali mkondo ukiwa mwingi, waya hupata joto, hurefuka, hushuka zaidi. Kutanuka kwa yabisi, kidato cha tatu, kumeingia bila kugonga hodi. Kisha tembea kwenye mstari ulionyooka, pembe mraba na laini, ukiweka bamba kila baada ya mita kadhaa.

Namba

Takwimu zifuatazo nimezitengeneza kwa hesabu, kwa ajili ya zoezi, zifanane na njia ya kilovolti 220 yenye nyaya tatu zilizopangwa kwa mlalo, mita 10 juu ya ardhi, mita 7 kati ya waya na waya. Umbali ni kutoka chini ya waya wa katikati.

Umbali mita 0: volti 0.097
Umbali mita 10: volti 0.167
Umbali mita 15: volti 0.111
Umbali mita 25: volti 0.038
Umbali mita 40: volti 0.010

Gawanya kila moja kwa 6.95 × 10⁻⁵. Utapata, kwa kukadiria, 1,400, 2,400, 1,600, 550 na 140 volti kwa mita. Chora grafu ya E dhidi ya umbali, unganisha nukta kwa mkono mlaini, siyo kwa rula.

Tazama umbo. Watahiniwa wengi hutarajia kilele kiwe katikati kabisa, chini ya waya wa kati, na wengine nimewaona wakibadilisha data ili itii matarajio yao. Usifanye hivyo kamwe. Mtahini ana majibu yake na kosa la namna hiyo linaonekana haraka. Katikati uga ni mdogo kuliko mita 10 pembeni. Sababu ni ile niliyokuambia ukariri: ukiwa katikati, nyaya mbili za pembeni ziko umbali sawa na wewe, na kwa pamoja zinaufuta waya wa kati kwa nguvu. Ukisogea nje kidogo kupita waya wa pembeni, uko karibu na mmoja na mbali na wenzake, kufutana kunapungua, uga unapanda. Ukiendelea kwenda mbali, zote tatu zinaonekana kama ziko mahali pamoja, zinafutana karibu kabisa, na uga unaporomoka. Kutoka mita 10 hadi mita 40 umbali umeongezeka mara 4 lakini uga umepungua mara 17.

Kumjibu mama

Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mnururisho usioionisha, katika mwongozo wake wa 2010, inaweka kikomo cha volti 5,000 kwa mita kwa wananchi wa kawaida katika hezi 50, na 10,000 kwa wafanyakazi wa umeme. Hesabu yetu ilipata 2,400 mahali pabaya zaidi, na mita 40 pembeni 140. Hata siku ya jua tulivu, bila laini yoyote, anga lenyewe lina uga wa kama volti 100 kwa mita, ingawa huo hautikisiki mara 50 kwa sekunde.

Mtu wa mita 1.7 akisimama kwenye volti 2,400 kwa mita, je ana volti 4,080 kati ya kichwa na miguu? Hapana. Yeye ni kipitishi, volti zake zote ziko karibu sawa na ardhi. Kinachopita mwilini ni mkondo wa kama mikroampea 37. Mkondo ambao mtu huanza kuusikia ni karibu mikroampea 500 hadi 1,000.

Na saratani? Usikimbie swali hili, wala usilikuze. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka uga wa sumaku wa masafa haya kwenye kundi la "huenda unasababisha", kundi 2B, kwa ushahidi hafifu uliotokana na tafiti za saratani ya damu kwa watoto. Uga wa umeme liliuweka kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuupanga popote. Uga wa sumaku chini ya laini: kwa waya mmoja wenye ampea 364 mita 9 juu yako, B = μ₀I/2πd inatoa mikrotesla 8, na fezi tatu zikifutana hupungua zaidi. Kikomo cha 2010 ni mikrotesla 200.

Kwa hiyo mama asiache kuvuna. Lakini asijenge nyumba ndani ya mkuza wa umeme, na hapa sababu yangu kubwa si saratani. Hatari inayoua chini ya laini ni ya kawaida kabisa: kuinua kitu kirefu. Bomba la alumini la kumwagilia nyanya, ngazi, nondo, mti wa msindano unaoangukia upande wa waya. Kwa msongo huu huhitaji hata kugusa. Pengo la hewa likipungua vya kutosha, hewa inavunjika na mkondo unapita kwako. Kuchoma mabua ya mahindi chini ya laini ni hatari vilevile, kwa sababu hewa ya moto yenye moshi na masizi huvunjika kirahisi kuliko hewa baridi safi. Na anayefungua vyuma vya mnara usiku akauze chuma chakavu anaweka uzito wa waya kwenye mnara uliolegea, juu ya vichwa vya jirani zake.

Liko pia jambo dogo linalowatisha watu bila kuua. Waya wa uzio, au waya wa kuanikia nguo, ukifungwa kwenye nguzo za mbao kavu sambamba na laini kwa mita nyingi, hukusanya chaji kwa uambukizaji. Haujaunganishwa na ardhi, kwa hiyo volti zake zinapanda. Ukiugusa, chaji yote inapita kwenye kidole chako mara moja: cheche na mshtuko. Dawa ni kuunganisha waya huo na ardhi kwa chuma sehemu kadhaa, au kutumia kamba ya katani.

Mwaka 2004 msanii Richard Box wa Uingereza alisimika taa za mirija 1,301 ardhini chini ya njia ya umeme. Giza lilipoingia zikawaka bila kuunganishwa na waya wowote. Uga ulitosha kuisukuma chaji ndani ya gesi ya kila mrija. Mtungaji akikuuliza chanzo cha nishati hiyo, jibu ni laini yenyewe. Hakuna nishati ya bure.

Maswali ya kujipima

1. Bamba la m² 1 limelazwa mahali ambapo E = 2,000 V/m, f = Hz 50. Tafuta mkondo unaokwenda ardhini.

2. Njia ya kilovolti 400 inaendeshwa kwa muda kwa kilovolti 220. Uga wa umeme chini yake utakuwa sehemu gani ya ule wa kilovolti 400? Kwa nini huwezi kusema hivyo hivyo kuhusu uga wa sumaku?

3. Asha anapima uga mita 15 kutoka laini na kupata 1,600 V/m. Juma anapima siku hiyohiyo, umbali uleule, chini ya mparachichi, anapata 200 V/m. Anadai mita ya Asha ni mbovu. Mjibu Juma.

4. Ng'ombe amesimama kwenye ardhi yenye unyevu chini ya laini. Gari la matairi ya mpira limeegeshwa karibu yake. Ni kipi kitakachotoa cheche ukikigusa, na kwa nini?

Majibu

1. 314 × 8.85 × 10⁻¹² × 2,000 × 1 = 5.6 × 10⁻⁶, yaani mikroampea 5.6.

2. 220/400 = 0.55, kwa sababu uga wa umeme unafuata volti. Uga wa sumaku unafuata mkondo, na mkondo unategemea mzigo. Kama nguvu inayosafirishwa ni ileile, kwa volti ndogo mkondo utakuwa mkubwa zaidi na uga wa sumaku utaongezeka.

3. Mti mbichi ni kipitishi kilichounganishwa na ardhi kwa mizizi. Mistari ya uga inaishia kwenye matawi yake, chini yake uga ni mdogo. Mita zote mbili ni nzima; Juma amepima kivuli. Kama angepima uga wa sumaku, angepata karibu sawa na Asha.

4. Gari. Matairi ni kihami, kwa hiyo chaji iliyovutwa kwenye bodi haina njia ya kwenda ardhini mpaka mkono wako ufike. Ng'ombe kwato zake ziko kwenye ardhi yenye unyevu, chaji yake inaondoka muda wote. Ukiandika "ng'ombe si kipitishi" unapata sifuri kwa sehemu hiyo, hata kama jibu lako la kwanza lilikuwa sahihi.